Kujitegemea kwa mtu wa shamba kuanzie mlangoni kwake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo husemwa sana katika kumbi za mikutano, lakini huku shamba kwetu bado halijafika kwa namna ambayo mtu anaweza kulishika mkononi. Nalo ni huduma za kuwawezesha watu wenye ulemavu kuishi kwa kujitegemea katika vijiji vyao wenyewe. Naandika nikiwa mwenye ulemavu, mkaazi wa Wilaya ya Micheweni, Mkoa wa Kaskazini Pemba, na haya ninayoyaeleza yamenikuta mimi mwenyewe kwa muda wa miaka 19 sasa.

Nilikuwa na umri wa miaka 33 nilipoanguka mkarafuu. Ulikuwa msimu mkubwa, na kama ilivyo kawaida ya vijana wa upande wetu wa maweni, ambako mikarafuu ni michache, nilikwenda dago, yaani kambi ya wachumaji karafuu, huko Mtambwe kuchuma kwa malipo ya pishi. Tawi la mkarafuu halina subira kama la muembe. Hukatika bila ya kulia. Niliangukia mgongo juu ya mzizi, na tangu siku ile, kuanzia kiunoni kwenda chini, sina nguvu wala sisikii kitu. Hospitali niliyolazwa ilinitibu kadiri ya uwezo wake, nami naishukuru, lakini siku ya kuruhusiwa hakuna aliyekaa nami akanieleza nitaishi vipi. Nilipewa mpira wa mkojo, dawa za wiki mbili na karatasi ya kurudi kliniki. Ndugu zangu wakanilaza juu ya godoro nyuma ya gari ya mizigo wakanipeleka nyumbani, na mlango wa nyumba yetu una vidato vitatu vya mawe.

Miezi mitano ya mwanzo nilikuwa mtu wa kulala tu. Kidonda cha kwanza kilitokea chini ya kiuno, na aliyekigundua ni mama yangu, tena kwa harufu, kwa sababu mimi sikuwa na habari nacho. Nilikuwa nimeacha kunywa maji ya kutosha kwa kuona haya ya kumsumbua mtu na mfuko wa mkojo, jambo ambalo baadae nilijua kuwa lilikuwa linaniua polepole. Familia yangu haikuwa na upungufu wa mapenzi hata kidogo. Tulichokosa ni elimu, na hakukuwa na mtu katika shehia nzima ambaye tungeweza kumuendea kuiuliza.

Aliyeniokoa hakuwa daktari. Alikuwa mzee mmoja wa Mtambile, upande wa kusini ya kisiwa, ambaye yeye alianguka mnazi miaka 11 kabla yangu. Habari zangu zilimfika kwa njia ya jamaa, akakodi gari kwa fedha zake na akaja na kiti chake cha magurudumu kimefungwa juu ya paa. Vijana wakambeba kumpandisha vile vidato, akaingia hadi kitandani kwangu na akakaa kutwa nzima. Alinionyesha namna ya kujinyanyua kwa mikono kila baada ya robo saa au nusu saa ninapokaa, na akamfundisha mama kunigeuza kila baada ya saa mbili usiku. "Usingoje maumivu ndiyo ujinyanyue," aliniambia, "kwa sababu maumivu hayatakuja." Akatoa mfukoni kioo kidogo cha kunyolea ndevu, akaniachia, ili kila asubuhi na jioni nijitazame mwenyewe sehemu nisizozisikia. Kabla ya kuondoka akanieleza kwamba ana duka dogo, kwamba ameoa, na kwamba watoto wake wawili wadogo wamezaliwa baada ya kuanguka. Mheshimiwa Mhariri, sijawahi kupewa dawa iliyonifaa kuliko maneno yale.

Miaka mingi ilipita ndipo nikaja kujua kwamba alichokifanya mzee yule katika siku moja, kwa hiari yake na kwa gharama yake, katika nchi nyengine ni huduma inayotambuliwa na sheria na kutengewa bajeti. Huko Marekani kulikuwa na kijana akiitwa Ed Roberts, aliyepata ugonjwa wa polio mwaka 1953 akiwa na umri wa miaka 14, akapooza kuanzia shingoni na akawa anahitaji mashine ya kumsaidia kupumua. Alipokubaliwa kujiunga na Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley mwaka 1962, ilibidi akae katika wodi ya hospitali ya chuo, kwa kuwa mabweni hayakuweza kumpokea. Wenzake wengine wenye ulemavu mkubwa wakamfuata, wakajifunza kupanga maisha yao wenyewe, na mwaka 1972 wakaanzisha mjini humo kituo cha kuishi kwa kujitegemea, ambacho kimekuwa mfano wa vituo vya namna hiyo sehemu nyingi za dunia. Sheria ya nchi hiyo inataka zaidi ya nusu ya wajumbe wa bodi ya kila kituo kinachopata fedha za serikali kuu wawe watu wenye ulemavu, na vivyo hivyo kwa wafanyakazi wake. Kazi za msingi za vituo hivyo zilikuwa nne: kutoa taarifa na kumuelekeza mtu penye huduma, kufundisha stadi za maisha ya kila siku, kumkutanisha mtu na mwenzake mwenye hali kama yake ili amshauri, na kutetea haki. Mwaka 2014 ikaongezwa ya tano, ya kuwasaidia watu kutoka katika nyumba za matunzo na kurudi kuishi katika jamii, na kuwasindikiza vijana wanaomaliza skuli.

Sisemi tuichukue Berkeley tuilete Pemba. Mji ule una lami na umeme kila nyumba, na sisi tuna mawe na mitumbwi. Hata hao Wamarekani wenyewe wamekuwa na kazi ya kuzifikisha huduma hizo mashambani, ambako nyumba ziko mbalimbali na usafiri ni wa shida. Lakini ukiitazama kazi ya tatu, ile ya mtu kumshauri mwenzake, utaona haihitaji jengo wala mashine. Inahitaji orodha ya watu walio tayari, nauli, posho ndogo, na mtu wa kuwaunganisha siku ile ile mgonjwa anapoandikwa kutoka hospitali, kabla ya kidonda cha kwanza.

Hapa nataka nieleze kujitegemea ni kitu gani, kwa maana neno hili hufahamika vibaya. Wapo wanaodhani ni kumtaka mtu asiye na mikono ajivishe shati mwenyewe. Mimi siwezi kupanda kitandani bila ya kushikwa, na sitaweza. Kujitegemea kwangu ni kuwa mimi ndiye ninayesema niamke saa ngapi, nioge lini, nitoke niende wapi na nani aniguse mwili wangu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unalitaja hilo katika kifungu cha 19: haki ya mtu kuchagua akae wapi na na nani, na kupata msaada wa nyumbani pamoja na msaidizi, ili asitengwe na jamii yake. Zanzibar nayo ilitunga sheria yake ya watu wenye ulemavu mwaka 2006 na kisha sheria mpya mwaka 2022. Kwa hiyo upande wa maandishi hatuko nyuma.

Upande wa asubuhi ndiko tuliko nyuma. Baada ya mama kufariki, anayeniamsha ni binti wa kaka yangu, mwenye umri wa miaka 16. Huja saa kumi na moja alfajiri, akachemsha maji, akanisaidia kuoga na kuvaa, akanikalisha kitini, ndipo akajitayarisha kwenda skuli. Siku akichelewa kuamka, mimi hubaki kitandani hadi mchana. Mwaka jana siku moja alikuja akasimama mlangoni na sare zake, akasema, "Ami, leo nina mtihani wa kwanza saa mbili, na maji bado sijayateka." Nilimwambia aende. Hakwenda. Alinihudumia mpaka mwisho, akakimbia, na akaingia chumba cha mtihani akiwa amechelewa. Katika nyumba nyingi ninazozijua zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, anayebeba kazi hii ni mke, mama, dada au mtoto wa kike, na hailipwi, haihesabiwi wala haina likizo. Ninapodai msaidizi anayelipwa, namdai kwa ajili ya binti huyu kama ninavyomdai kwa ajili yangu.

Nchini Sweden, tangu tarehe 1 Januari 1994, mtu mwenye ulemavu mkubwa ana haki kwa sheria ya kupata fedha za kumuajiri msaidizi wake mwenyewe, na yeye ndiye anayemchagua. Hatuna uwezo wa Sweden. Lakini tuna wahudumu wa afya wa jamii wanaopita nyumba kwa nyumba katika shehia zetu, na tuna vijana waliomaliza skuli wasio na kazi katika kila kijiji. Kijana mmoja aliyefundishwa kunyanyua mtu bila ya kumuumiza, kusafisha mpira wa mkojo, kumshika mkono asiyeona na kutumia lugha ya alama, akilipwa posho ya kueleweka, anaweza kuwahudumia watu watatu au wanne katika shehia kwa ratiba wanayokubaliana naye. Sharti langu ni moja: anayehudumiwa awe na kauli katika kumchagua na kumbadilisha, kwa sababu mambo ya mwili wake atakayoyaona msaidizi ni ya stara.

Nije kwenye vifaa, maana hapa ndipo panapoonekana zaidi tofauti ya mji na shamba. Kiti changu cha kwanza nilikipata kwa msaada, katika hafla iliyofanyika mjini, na niliwaombea dua waliokitoa. Kilikuwa kiti cha hospitalini, chenye magurudumu madogo mbele mithili ya kifuniko cha kopo. Kwenye sakafu ya ukumbi kilikwenda vizuri sana. Nje ya nyumba yetu, ambako ardhi ni mawe yenye ncha na mchanga katikati yake, gurudumu dogo liliingia baina ya mawe mawili siku ya pili tu, na mimi nikaanguka kifudifudi. Mwezi wa nne bearingi ya upande wa kushoto ikafa. Hakukuwa na spea wala pa kuuliza. Kiti kikakaa nyuma ya mlango mwaka mzima na miezi, nami nikarudi kulala.

Aliyekifufua ni fundi baiskeli wa Konde. Alikikata mbele, akaondoa magurudumu yale mawili madogo, akachomelea bomba refu na kutia gurudumu moja kubwa la baiskeli ya mtoto, na nyuma akaweka ringi za baiskeli ya kawaida zenye mipira minene. Alikaa chini akanitazama ninavyosukuma, akarudi akasogeza ekseli mbele kidogo ili mikono yangu isichoke. Kiti hicho chenye miguu mitatu kimenifikisha msikitini, sokoni na kwenye mazishi ya mama yangu. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa muongozo unaosema kwamba kiti cha magurudumu hakitoshi kuwapo tu, bali ni lazima kimkae mtumiaji, kiendane na mazingira anayoishi, na kiweze kutengenezwa katika nchi yake. Fundi wetu hakuuona muongozo huo, lakini aliufuata wote.

Kwa sababu hiyo ninapendekeza kwamba katika kila moja ya wilaya nne za Pemba, yaani Micheweni, Wete, Chake Chake na Mkoani, pawepo karakana ndogo ya kutengeneza vifaa vya watu wenye ulemavu, na kwamba vituo vya mafunzo ya amali vya Vitongoji na Daya Mtambwe viwafundishe mafundi baiskeli na mafundi wa kuchomelea waliopo tayari. Vilevile wafadhili, ambao nia zao ni njema, waulizwe kabla ya kuleta makontena: viti hivi ni vya sakafu ya namna gani?

Na nyumba zenyewe. Vidato vyetu vitatu vina urefu wa sentimita 45 kwa pamoja. Kanuni inayotumiwa na wengi ni kwamba kila sentimita moja ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu, kwa hiyo mteremko wetu ulihitaji mita 5 na sentimita 40, na uwanja wa mbele haukutosha. Mwashi wa kijijini akaupitisha ubavuni mwa ukuta, akaukunja pembeni na kuweka pahala pa kupumzika. Ilikuwa kazi ya siku mbili kwa mawe ya hapa hapa na mifuko minne ya saruji, lakini niliingoja miaka mitatu kwa sababu hakuna mtu aliyejua kwamba inawezekana. Chooni tulikata tundu katika kiti cha plastiki tukakiweka juu ya shimo, na tukachimbia boriti mbili za mkandaa za kushika. Tangu siku ile naingia chooni peke yangu, na ninafunga mlango. Mwenye miguu mizima huenda asielewe uzito wa kuufunga mlango ule.

Nimezungumza mno juu ya miguu kwa kuwa ndiyo inayonihusu. Jirani yangu mmoja ni kiziwi, na kila alipokwenda kliniki ya wajawazito alifuatana na wifi yake, ikawa kila siri ya mwili wake inapita kwanza kinywani mwa mtu mwengine. Mwenzetu mwengine, asiyeona, hutumiwa fedha na mtoto wake kwa simu, na ili azitoe hana budi kumtajia mtu namba yake ya siri. Huko kisiwani Kojani, ambako hakufikiwi ila kwa chombo, asiyeweza kutembea hupandishwa mgongoni mwa mtu hadi majini, akiwa mzee au mwanamke mtu mzima. Haya yote yana dawa zilizo karibu. Jumuiya zetu kama UWZ ya watu wenye ulemavu, ZANAB ya wasioona na CHAVIZA ya viziwi zina watu wanaoyajua haya kuliko mimi, na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu la Zanzibar ndilo lenye nafasi ya kuyakusanya yakawa mpango mmoja wenye bajeti, unaoshuka hadi kwa sheha.

Nitaambiwa fedha hakuna. Mwezi wa Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kumlipa kila mzee aliyefika miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadae ikapandisha hadi 50,000. Kabla yake wengi waliona haiwezekani. Wazee waliandikishwa shehia kwa shehia, hata visiwani, na wakafikiwa. Njia iliyomfikia mzee inaweza kumfikia na mtu ambaye mwili wake haukungoja miaka 70.

Nitaambiwa pia kwamba sisi tuna jamaa, kwamba mambo ya wasaidizi wa kulipwa ni ya Wazungu. Jamaa tunao, alhamdulillahi, na hakuna anayetaka kuwaacha. Lakini dini yetu haikumfundisha mtu mwenye ulemavu kukaa pembeni akisubiri kuhudumiwa. Abdullah bin Ummi Maktum, sahaba asiyeona, alikuwa muadhini wa Mtume (S.A.W.), na zaidi ya mara moja aliachiwa mji wa Madina ausimamie Mtume alipokuwa safarini. Alipewa kazi na akapewa amana, na watu wakamfuata katika sala.

Nimeandika barua hii wiki hii kwa sababu maalum. Msimu uliopita kijana wa shehia ya jirani alianguka mkarafuu, na nimepata habari kwamba ameruhusiwa kutoka hospitali na yuko nyumbani, amelala. Kutoka kwangu hadi kwao ni kilomita tisa, na bodaboda haichukui kiti cha magurudumu. Nimemuomba kaka yangu atafute gari ya kukodi siku ya Jumamosi, tumeshapata nusu ya fedha, na kile kioo cha mzee wa Mtambile nimeshakitia mfukoni.

Wako msomaji,
Mkaazi wa Wilaya ya Micheweni,
Kaskazini Pemba